Ruthu Mbele ya Kifungu cha 11: Ndoa, Ujane na Uraia katika Mkoa wa Simiyu

Swali la kitu gani hasa humfanya mtu awe wa mahali fulani, iwapo ni damu aliyozaliwa nayo, ardhi aliyozaliwa juu yake au ahadi aliyoifunga akiwa mtu mzima mwenye akili timamu, limewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa karne nyingi kabla ya kuwafikia maofisa wa uhamiaji. Sheria za uraia, yaani kanuni zinazoamua nani ni mwenyeji wa dola na nani ni mgeni wake, huchukua kidogo kutoka katika kila jibu, na mchanganyiko huo huonekana waziwazi pale mtu anapooa au kuolewa na raia wa nchi nyingine. Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza na kuwekewa makao makuu yake Bariadi, haupakani na nchi yoyote jirani. Hata hivyo barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na mpaka wa Sirari hupita Lamadi wilayani Busega, na pamoja na mabasi, samaki na marobota ya pamba hupita pia wachumba. Ndiyo maana suala ambalo lingedhaniwa ni la Namanga au la viwanja vya ndege vya Ulaya limo pia katika vijiji vya Usukuma, ingawa huko halizungumzwi mpaka siku karatasi inapohitajika.

Sheria ya Uraia ya Tanzania, Na. 6 ya mwaka 1995, inatambua njia tatu za kuwa raia. Upo uraia wa kuzaliwa, ambao kwa maneno ya sheria humpata aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, ingawa katika utekelezaji mamlaka huuliza pia kama mmoja wa wazazi alikuwa raia. Upo uraia wa kurithi, unaomfikia aliyezaliwa nje ya nchi na baba au mama Mtanzania. Na upo uraia wa tajnisi, yaani ule ambao mgeni huuomba na kupewa baada ya kutimiza masharti. Masharti ya tajnisi si mepesi: mwombaji awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi nchini kwa jumla ya miaka isiyopungua 7, awe anajua Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, awe na tabia njema, na awe tayari kuukana uraia wake wa awali, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Kifungu cha 11 ndicho kinachomfungulia mlango wa pembeni mwanamke aliyeolewa na raia, kwa kumpa haki ya kuomba tajnisi kwa sababu ya ndoa yake, wakati wowote mumewe akiwa hai.

Maneno hayo ya mwisho, yanayoifunga haki ya mke katika uhai wa mume, ndiyo yanayostahili kuchunguzwa, na pamoja nayo ukimya wa kifungu hichohicho kuhusu mwanamume. Mkisii wa Kenya aliyemwoa binti wa Maswa, akaishi ukweni na kulima pamba msimu baada ya msimu, hana mlango wa pembeni. Huishi kwa kibali cha ukaazi au kwa hati ya mtegemezi, ambayo humruhusu mtu kukaa nchini kwa sababu tu yule anayemtegemea ana haki ya kukaa, na akiutaka uraia hana budi kuhesabu miaka yake kama mfanyabiashara au mmisionari yeyote. Sheria hapa haisemi kwamba ndoa humfanya mtu kuwa mwenyeji. Inasema kwamba mwanamke humfuata mwanamume, na kwamba mwanamume hamfuati mtu.

Wengi hudhani kwamba fikra hiyo ni mila ya Kiafrika iliyopata muhuri wa Bunge, na dhana hiyo ina ukweli nusu tu. Katika sheria za Uingereza tangu mwaka 1870 hadi mageuzi ya mwaka 1948, mwanamke Mwingereza aliyeolewa na mgeni kwa kawaida alipoteza uraia wake papo hapo, na mgeni aliyeolewa na Mwingereza aliupata papo hapo, kwa kuwa mke alihesabiwa hana utu wa kisheria uliojitenga na wa mumewe. Mataifa yaliyotawaliwa na Uingereza yalirithi mabaki ya fikra hiyo pamoja na mikoba mingine ya utawala. Mila za Usukuma kweli hufuata upande wa baba, lakini kinachomtia mtu katika ukoo si jinsia yake wala damu peke yake, bali ni tendo linaloonekana na watu. Amri ya Tamko la Sheria za Mila ya mwaka 1963, iliyoziweka katika maandishi mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, ilieleza kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni wa upande wa mama, na kwamba baba aliyetaka kumhalalisha bila kumwoa mama angeweza kufanya hivyo kwa kulipa shilingi 100 kwa baba wa binti kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Mtu anaweza kuchukizwa na bei hiyo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelitazama suala zima kwa jicho jingine kabisa. Hata hivyo mantiki yake ni ya kuzingatiwa, kwa sababu inakiri kwamba damu iliyokuwapo tangu siku ya kwanza haikutosha, na kwamba ubaba ulihitaji kutangazwa, kulipiwa na kushuhudiwa. Utemi wenyewe, yaani uchifu wa Kisukuma, katika sehemu nyingi ulirithiwa zamani kwa upande wa mama, hata mtoto wa kiume wa mtemi asiweze kumrithi baba yake. Jamii ileile iliyowahesabu watu wote kwa baba iliwahesabu watawala wake kwa mama, bila kuona kwamba imejipinga. Hilo laonyesha kuwa ukoo ni uamuzi wa watu kuhusu damu. Damu yenyewe haiamui kitu.

Maandiko ya dini yanayosomwa kila wiki katika makanisa na misikiti ya Bariadi hayana jibu moja, na si uaminifu kuyafanya yawe na moja. Katika kitabu cha Ezra, watu waliorejea kutoka uhamishoni walikusanyika uwanjani, wakitetemeka kwa hofu na kwa mvua kubwa iliyokuwa ikinyesha, wakakubaliana kuwaacha wake wageni pamoja na watoto waliozaa nao. Uchunguzi wa kila nyumba ulichukua miezi kama mitatu, na mwishoni iliandikwa orodha ndefu ya majina. Anayeisoma orodha hiyo kwa makini huona kwamba majina yote ni ya wanaume. Wanawake waliokuwa wakifukuzwa, ambao kesi nzima ilikuwa juu yao, hawakuandikwa jina hata mmoja, kwani mbele ya wachunguzi walikuwa sehemu ya jalada la mume.

Kinyume chake ni kitabu kifupi cha Ruthu, ambacho baadhi ya wataalamu wa Biblia hukiona kuwa ni hoja iliyotungwa dhidi ya siasa za akina Ezra. Familia ya Bethlehemu ilikimbia njaa ikahamia Moabu, wana wakaoa wanawake wa huko, kisha baba na wana wote wawili wakafa, na mama mkwe Naomi akaamua kurudi kwao akiwasihi wakweze warudi kwa mama zao. Ruthu alikataa, akajifungamanisha na watu wa Naomi, na Mungu wake, na hata kaburi lake. Jambo ambalo mahubiri ya arusini hulipita haraka ni kwamba wakati Ruthu anatoa kiapo hicho hakuwa mke wa mtu. Mumewe Mahloni alikuwa ameshazikwa Moabu, na ndoa iliyompa haki ya kuitwa mkwe ilikuwa imekwisha. Naye aliivuka mipaka akiwa mjane, akishikilia uhusiano uliozaliwa na ndoa na kubaki hai baada ya ndoa kufa. Kwa kipimo cha kifungu cha 11, Ruthu alikuwa amechelewa. Tena Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, iliwazuia Wamoabi kuingia katika kusanyiko hata kizazi cha kumi, ilhali Mfalme Daudi alikuwa kitukuu wa mwanamke huyu.

Inaweza kupingwa kwamba Ruthu alipata wenyeji wake kwa kuolewa tena, safari hii na Boazi, na kwamba hapakuwa na lolote kabla ya hapo ila maneno mazuri njiani. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linasahau mpangilio wa kisa. Ruthu alikuwa tayari akiokota masazo katika mashamba ya Bethlehemu kama mtu wa nyumba ya Naomi, na Boazi alikuwa tayari amesikia habari za alichomtendea mkwewe, kabla suala la ndoa halijafika langoni mwa mji, ambako wazee 10 waliketishwa wawe mashahidi. Ndoa ya pili ilithibitisha jambo lililokwisha kujengwa kwa matendo. Na hata hapo mwandishi wa kitabu haachi kumwita Mmoabi, karibu mpaka mwisho, kama karani asiyependa kurekebisha daftari lake.

Upande wa wanaume, Biblia ina Musa, aliyekimbilia Midiani, akamwoa Sipora, akachunga kondoo wa mkwewe Yethro kwa miaka mingi, na mtoto wake wa kwanza akamwita Gershomu kwa kuwa yeye alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake. Alikuwa na mke, mtoto, kazi na kibali cha baba mkwe, na bado alijihesabu mgeni. Msomaji wa Itilima au Meatu anayejua maisha ya mkwe achungaye mifugo ya watu ataielewa hali hiyo bila maelezo marefu. Ruthu na Musa wakiwekwa pamoja wanaonyesha kwamba ndoa si sababu tosha ya kuwa mwenyeji, wala kwisha kwake si sababu tosha ya kuwa mgeni. Kinachoamua ni kile ambacho watu wawili, pamoja na wale waliowapokea, wamekijenga juu ya ndoa hiyo.

Uislamu ulilikabili suala hili mapema zaidi kuliko inavyokumbukwa, tena kwa namna ya kiutawala. Baada ya mkataba wa Hudaybiya, mwaka 628, Waislamu walikuwa wamekubali kuwarudisha Makka watu waliokimbilia Madina bila idhini ya jamaa zao, lakini walipokuja wanawake, miongoni mwao Umm Kulthum binti Uqba, aya ya 10 ya sura ya Al-Mumtahina iliagiza wachunguzwe, na wakithibitika kuwa waumini wasirudishwe, na mahari walizopewa na waume waliowaacha zirejeshwe. Wafasiri wamepokea kwamba mwanamke aliapishwa kuwa hakutoka kwa kumchukia mume, wala kwa kumpenda mwanamume mwingine, wala kwa kutafuta dunia. Mahojiano hayo hayatofautiani sana na yale yanayofanywa leo katika balozi, isipokuwa kwa jambo moja: aya yenyewe, katikati ya amri ya kuchunguza, inakumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi imani yao, yaani mchunguzi anapewa kazi na papo hapo anaambiwa mpaka wa uwezo wake. Hadithi mashuhuri ya nia, inayofungua mkusanyiko wa Bukhari, nayo hutaja hijra, yaani uhamaji kwa ajili ya dini, na kubainisha kwamba aliyehama kwa ajili ya mwanamke anayetaka kumwoa, hijra yake ni kwa hilo alilolihamia. Haikusemwa kwamba safari yake ni haramu. Ilisemwa tu kwamba asiiite kwa jina lingine.

Kanisa Katoliki nalo limeegemea nia. Kwa kanuni ya 1057 ya sheria zake za mwaka 1983, ridhaa ya wawili ndiyo inayoifanya ndoa, na kwa kanuni ya 1101 mtu anayetamka maneno ya ndoa huku moyoni ameikataa ndoa yenyewe hajaoa. Ile inayoitwa mitaani ndoa ya makaratasi, inayofungwa ili mmoja apate kibali cha kukaa, kwa hiyo haina mtetezi wala kanisani wala msikitini. Tatizo ni kwamba dola haina uwezo wa kuona nia, na kwa kuwa haina, hutafuta vitu vinavyohesabika na kuvifanya viwe nia. Uingereza, ambako Watanzania wengi huishi, iliweka mwaka 2012 sharti kwamba anayetaka kumleta mwenzi wake awe na kipato cha angalau pauni 18,600 kwa mwaka, na Aprili 2024 kiwango kikapandishwa hadi pauni 29,000. Muuguzi msaidizi kutoka Bariadi anayelipwa chini ya hapo anaweza kumpenda mumewe kwa dhati isiyo na shaka, na dola ikajibu kwamba dhati hiyo haijafika kima.

Yapo mataifa yaliyojaribu kulikata swali hili kwa upanga wa damu tupu. Mwaka 451 kabla ya Kristo, Athene ilipitisha sheria iliyopendekezwa na Perikle kwamba raia awe mtu ambaye baba na mama yake wote ni wa Athene. Miaka kadhaa baadaye tauni iliwaua wanawe halali, naye akabaki na mtoto aliyezaa na Aspasia, mwanamke mgeni wa Mileto, na ikambidi mwasisi wa sheria awaombe wananchi wamsamehe mtoto huyo kizuizi alichokiweka yeye mwenyewe, wakamkubalia. Aristotle, ambaye aliishi Athene miaka mingi akiwa mgeni mkaazi asiye raia, aliona kasoro ya kimantiki katika sheria za namna hiyo: ikiwa raia ni yule tu aliyezaliwa na raia, basi waasisi wa mji, ambao hawakuzaliwa na raia wa mji usiokuwapo bado, hawakuwa raia, na wote waliofuata wamerithi kitu ambacho hakuna aliyekuwa nacho. Hoja hiyo inaigusa Tanganyika moja kwa moja. Oktoba 1961, Bunge lilipojadili muswada wa uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na Julius Nyerere aliipinga hoja hiyo kwa ukali, akiwa tayari kujiuzulu kuliko kuikubali. Jamhuri hii ilianzishwa kwa kukataa kwamba rangi na nasaba zitoshe. Ni ajabu kiasi kwamba katika ndoa imeendelea kumhesabu mke kwa mume.

Dola, hata hivyo, ina hoja zake, na si haki kuzidharau. Nchi iliyopakana na mataifa manane, na iliyopokea wakimbizi kwa miongo mingi, ina sababu ya kuuliza nani ni nani, na ndoa ni mlango ambao mtu mwerevu huweza kuupita kwa urahisi kuliko mingine. Lakini ukali usio na macho ya kuona familia huzaa madhara yanayoonekana. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji wasio na vibali ulioendeshwa Kagera, Kigoma na Geita, baadhi ya familia za waume na wake wa mataifa tofauti zilitenganishwa, huyu akibaki na yule akivuka mpaka. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ilianza kuwapa vyeti vya uraia Warundi wapatao 162,000, wakiwamo waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao waliozaliwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Matukio hayo mawili, yaliyofuatana kwa muda mfupi namna hiyo, yanathibitisha kwamba ugeni si hali ya asili isiyobadilika, na kwamba dola inapotaka inajua kuutambua ukazi wa muda mrefu kuwa ni hoja.

Chukuliwe basi, kwa mfano tu, mwanamke Mkenya aliyeolewa Busega kwa mahari ya ng'ombe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaikubali ndoa yake ya kimila sawasawa na ya kanisani, ya msikitini au ya bomani. Inawataka wanandoa waisajili ndani ya siku 30, lakini haiibatilishi kwa kutosajiliwa. Hata wale walioishi pamoja miaka miwili na zaidi na kujulikana kuwa mume na mke hudhaniwa kisheria kuwa wameoana. Kwa hakimu, ng'ombe na wazee ni ushahidi. Kwa mwombaji aliyesimama dirishani na picha zake nne za pasipoti, barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri na hati ya kiapo iliyolipiwa, kinachoulizwa ni cheti, na cheti hakipo. Mume yupo hai, hakuna anayemsumbua, msimu wa pamba umefika, na safari ya kufuatilia karatasi Bariadi husogezwa hadi mavuno, kisha hadi mavuno mengine.

Mume akifa, mambo hubadilika siku hiyohiyo, ingawa kijijini hakuna anayeona tofauti. Mlango wa kifungu cha 11 unafungwa. Kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, shamba alilolipalilia linakuwa swali, na mashemeji wenye tamaa hawakosi kulisikia swali hilo. Kenya, alikotoka, imelishughulikia jambo hili kwa namna nyingine: Katiba yake ya mwaka 2010 inampa mwenzi wa raia, awe mume au mke, haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa, na sheria ya utekelezaji ya mwaka 2011 inamtaja pia mjane na mgane, ili kifo cha mwenzi kisifute njia iliyokuwa imeanza. Tanzania yenyewe iliridhia mwaka 1985 mkataba wa kimataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao ibara yake ya 9 inataka usawa katika kupata na kutunza uraia na inakataza uraia wa mke kutegemezwa kwa mume. Marekebisho yanayohitajika katika kifungu cha 11 ni ya maneno machache: pale palipoandikwa mwanamke pasomeke mwenzi, na sharti la uhai wa mume libadilishwe kuwa sharti la ndoa iliyokuwa ya kweli, ambayo wazee wa kijiji, kama wale 10 wa langoni, wanaweza kuishuhudia hata baada ya mmoja kuzikwa.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alifundisha kwamba katika fikra za Kiafrika ndoa huwakutanisha walio hai, waliokufa na ambao hawajazaliwa. Kwa mtazamo huo, kifo cha mume hakiwezi kuwa mwisho wa mkataba, kwa sababu mkataba haukuwa wa wawili tangu mwanzo, na upande wa ambao hawakuwa wamezaliwa siku ya mahari sasa una majina, una madaftari ya shule, na una uraia. Watoto wa mjane wa Busega ni raia kwa kuzaliwa, kupitia baba yao, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa haki ya kuishi na mzazi wao. Mzazi aliyebaki ni mmoja, naye ameandikwa katika jalada la uhamiaji kuwa mtegemezi wa marehemu, ilhali wanaomtegemea ni hao raia wadogo. Hati yake ikiisha muda, serikali moja itakuwa imewaahidi watoto kuishi na mama yao na imemtaka mama huyo aondoke.